Ukuta ya baraza imeanguka

André,

Bukari iko mu casserole ndogo, samaki iko chini ya sahani. Usipite kwa baraza na viatu, simenti haiyakauka bado.

Njo vile, ukuta imeanguka! Wewe ulitoka mapema juu ulimuogopa dada yako mukubwa, nilikuona. Bamaçon banainua nyundo tu, Yaya Émerance akaingia, akasimama mbele ya ukuta: "Hii nyumba ni ya baba yetu! Haiko ya kuchezea na mitindo yenu ya sasa."

Nikamujibu pole: "Yaya, baba yenu alijenga baraza wazi. Ukuta baliweka baadaye, juu ya kuogopa wezi."

Akasogea.

Ilipoanguka, jua ikaingia mpaka mu chumba ya bazazi benu, ikaangaza carreaux nyekundu za chini, zile mama yenu alikuwa anasugua na cire zingae. Yaya akavua viatu, akatembea juu yake polepole, mukono kwa mudomo. Halafu akageukia maçon: "Na ule ukuta mwingine, unangojea nini?"

Nilicheka mpaka machozi.

Fundi wa vioo vikubwa atapita mangaribi, umufungulie.

~~Ukule peke yako, muoga wangu.~~ Hapana, utungojee. Niko na yaya yako mu mji, tunachagua taa za salon yetu. Ye mwenyewe anataka zile nyeusi, ndefu, za kisasa!

Miaka yote aliniita "bibi ya André". Leo, mbele ya bamaçon bote, aliniita "mwenye nyumba".

Muke wako,
Wivine