Vigae vya Sebuleni Juu ya Kaburi Lako

Baba,

Barua huanza kwa kujuliana hali. Yako naijua: umelala nyuma ya nyumba yako hapa Butiama, na mimi nimekaa barazani, hatua chache tu kutoka ulipo, nikiandika kwenye daftari nililomwomba Mama. Yangu ni hasira. Imepita zaidi ya mwaka tangu tukuzike na bado ni hasira. Sijui kama huko mliko habari zinafika, kwa hiyo nakwambia mwenyewe kabla hujazisikia kwa mtu mwingine: walikuwekea vigae.

Usigeuke. Nimeshavitoa. Lakini lazima usikie ilivyokuwa, kwa sababu sehemu ya kosa ni yako, na wengine wote nikiwalaumu wananijibu.

Ndugu walipokaa kikao cha kulijengea kaburi, nilijua hiyo ni kazi yangu. Tangu nilipomaliza kidato cha nne nimekuwa nyuma yako na karai la saruji, Makoko, Mwisenge, kila nyumba ya Musoma iliyotaka sakafu ya niru, saruji tupu iliyosuguliwa kwa mwiko hadi ing'ae bila kigae hata kimoja. Nikasimama nikasema kaburi la Baba nitalijenga mimi, kwa mikono yangu, na nitalipiga niru. Baba mdogo Magesa akanitazama kwa huruma, ile huruma yake ya kuudhi, akasema, "Binti yetu, wewe ulikuwaga unamsaidia tu. Hapa tutafute fundi."

Unamsaidia! Neno hilo alilitoa wapi? Kwako, Baba. Mteja akija unasema, "Huyu ni binti yangu, ananisaidia." Unakumbuka nyumba ya yule muuguzi wa Mwisenge? Magoti yako yalikuwa yamegoma. Ulikaa juu ya ndoo iliyofunikwa gunia, nami nikapiga vyumba vyote vitatu peke yangu, nikitembea kinyumenyume hadi mlangoni. Yule mama alipoisifu sakafu ukajibu, "Asante, binti alinisaidia kidogo." Kidogo! Siku ile nilicheka. Kwenye kikao sikucheka, maana wote walikuwa wamekusikia ukisema hivyo kwa miaka, na mdomo wako ndio walioutumia kuninyamazisha.

Basi kaka Masatu akajitwika mzigo. Unamjua mwanao. Anauza simu Bunda, kwa hiyo kila kitu lazima kionekane vizuri kwenye picha. Alichagua vigae akiwa kaunta kwake: vyeupe, vyenye maua ya zambarau, vinang'aa hata ukijitazama unaona meno. Akatuma picha kwenye grupu la ukoo. Nikaandika kistaarabu kabisa kwamba kigae cha ndani hakiendi nje, jua litakipasha, mvua itakipoza, kitabanduka. Na kikilowa kinateleza. Nikajibiwa kwa vidole gumba kumi na moja, vyote vya kumpongeza Masatu. Mjomba mmoja akaweka picha ya mikono inayosali. Sikio la kufa halisikii dawa, Baba, na unisamehe kukutolea methali hiyo wewe mwenyewe.

Fundi alikuja kutoka mjini akamaliza kwa siku mbili, kwenye jua kali. Gundi aliiweka katikati ya kigae tu, bonge moja, kama mtu anayepaka siagi mkate wa wageni wasiopendwa. Alipogeuka nilikigonga kimoja kwa kifundo cha kidole. Kilikuwa kitupu chini, kikalia kama debe. Nikasema. Nikaambiwa nina wivu.

Na mimea! Kichwani kwako wakapanda mitende miwili ya mapambo, pembeni mawaridi, vyote vimenunuliwa kwenye vitalu vya Musoma vinavyomwagiliwa kutwa. Niliuliza swali moja tu, nani atakuwa anamwagilia huku kwetu ambako tunasubiri foleni bombani, wakanitazama kana kwamba nimemtukana marehemu. Mawaridi yaliliwa na mbuzi wa jirani kabla hata wiki haijaisha. Mitende ilivumilia mpaka kiangazi, ikakauka imesimama wima.

Halafu ikaja ibada ya kumbukumbu. Asubuhi ile ilinyesha. Baba mdogo alikuwa na suti yake ya kijivu na ua mkononi, akapanda kwenye ukingo wa kaburi ili aliweke kwa heshima. Nilifungua mdomo nimwonye, nikakumbuka kikao, nikaufunga. Mguu ukamtoka. Alikwenda chini kama gunia la mihogo, na vigae vitatu vikashuka naye. Katekista alikuwa anakaribia Amina, akaimeza. Nakiri, Baba, nilicheka. Nilijifunika uso kwa kitenge nikacheka hadi mabega yakatikisika, na katikati ya kicheko nikaanza kulia kwelikweli, na watu wakadhani ni kilio kimoja tangu mwanzo. Baba mdogo aliumia kiuno. Kunyamaza kwangu hakukumsaidia mtu yeyote, na hilo limenikaa rohoni.

Baada ya hapo vigae viliendelea kudondoka kimojakimoja. Mama alikuwa anaviokota na kufunikia masufuria. Mwisho akanipigia simu: "Nyangeta, njoo umtoe baba yako kwenye hili bafu."

Nikaja na mwiko wako na kamba yako ya kupimia, na mchoro. Mchoro mzuri, Baba. Kaburi refu kwenda juu, kingo kali kama kisu, niru nyeusi inayoakisi mawingu, ili Baba mdogo na Masatu na vidole gumba vyao wote wafike waone nani alikuwa fundi. Nikamweleza Mama kwa mbwembwe, nikipima hewani kwa mikono. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sawa. Na mimi nitakuwa nakaaga wapi?"

Sikumwelewa. Akanieleza polepole, kama anavyomweleza mtoto. Tangu tukuzike, kila asubuhi baada ya chai anakuja kwako na ungo wa maharage. Anachambua, anakupa habari. Kaburi lilipokuwa tuta la udongo alikaa kwenye jiwe. Walipokuja kujenga, jiwe likaondolewa kwa sababu halikupendeza kwenye picha. Akajaribu kukaa kwenye ukingo wa vigae, akawa anateleza, na jua likipanda vinamchoma. Kwa hiyo akawa anasimama. Karibu mwaka mzima mke wako amekuwa akija kukusalimia akiwa amesimama kama mgeni. "Hamjaniulizaga," alisema. Hakuwa amekasirika hata kidogo.

Baba, niliona aibu mpaka masikioni. Kwa sababu hicho ndicho kitu cha kwanza ulichonifundisha, kabla ya kokoto na kabla ya mchanga. Usifungue mfuko wa saruji hujauliza nani atakaa hapa, nani atapita hapa, nani atapafagia. Kule Makoko uliwahi kuvunja ngazi iliyokwisha kukauka, baada ya kumwona bibi wa nyumba ile akiinua mguu kwa mikono miwili. Na mimi, mwaka mzima nikiwatukana watu kimoyomoyo kwa kuchagua vitu vya kufurahisha macho yao, nilikuja hapa na kaburi la kumkomoa Baba mdogo.

Mchoro niliutumia kuwashia jiko. Nikamkalisha Mama kwenye kiti, nikampima kwa kamba kutoka kisigino hadi goti, naye anacheka ananiuliza kama namshonea suruali. Huo ndio urefu wa ukingo wako sasa. Upo upande unaotazama nyumba, ambako asubuhi kivuli chake kinakutana nawe, na ni mpana kiasi cha kumbeba yeye na ungo wake. Kingo nimezilainisha kwa chupa zikawa za mviringo. Niru ni nyekundu, rangi ya udongo wa hapa, Mama alisema asingependa kuona vumbi kila siku. Juu inang'aa kama ulivyopenda, lakini pale pa kukalia nimepitisha brashi ikiwa mbichi, isiteleze.

Kichwani nimepanda shubiri. Mbuzi alijaribu mara moja, akaondoka anajilamba midomo kwa uchungu. Kuzunguka pote ukoka wetu wa kawaida. Na miguuni kuna mchaichai, usiniulize mimi. Nilimwambia Mama hakuna mtu anayepanda mchaichai kaburini. Akasema, "Kwani baba yako amekataaga chai lini?" Baba mdogo ametangaza kwamba hanywi tena chai kwenye nyumba hii. Mama anasema sukari itakaa.

Alikuja siku ya nne tangu nipige niru, Baba mdogo, na kiuno chake na fimbo. Akafunua gunia bichi nililoifunikia niru isikauke upesi, akapitisha kiganja juu yake, mbele, nyuma, muda mrefu. Akainama kwa shida kutazama kingo. Halafu akasema, "Kumbe yeye ndiye alikuwaga anakusaidia wewe."

Neno hilo, au linalofanana nalo, nililisubiri tangu kwenye kikao. Nilikuwa nimeliandalia hata uso wa kulipokelea. Na lilipokuja likaniudhi kuliko yote. Nikamwambia hapana, Baba mdogo, alinifundisha. Nikamwambia jinsi ulivyokuwa ukinishika mkono juu ya mwiko na kuniambia nifumbe macho, nisikilize, saruji ikianza kubadilika sauti ndiyo saa ya kupiga niru, si kabla. Sauti hiyo bado naisikia kwa sikio lako. Hata hivyo ungeweza kusema, Baba. Mbele ya mteja mmoja tu, mara moja tu. Ungesema "huyu ni fundi," usingepungukiwa kitu, na mimi nisingelazimika kukutetea na kukugombeza kwa pumzi ileile. Hilo sijakusamehe. Nimeona nikwambie wazi, ili usije ukadhani niru hii nzuri ni msamaha.

Mwalimu mmoja wa Makoko amenipigia, anajenga, anataka sakafu na ushauri wa miti ya uani. Aliomba azungumze na fundi. Nikamwambia anazungumza naye. Kesho naenda kuanza, na nakuahidi kwamba kabla sijamwonyesha rangi wala mche wowote nitauliza kwanza nani atakaa pale. Nakuahidi pia kila masika yakikaribia nitapita kukukagua. Mama nitampigia kila Jumapili, ingawa ananiambia habari zote anakupa wewe kwanza.

Sasa nikwambie jambo moja halafu niende. Niru inataka maji siku saba chini ya magunia, asubuhi na jioni. Mama alisema angemwagilia yeye. Jirani naye akajitolea. Nikawakatalia wote, nikasema hawajui kiasi, kazi hii ni ya fundi. Uongo mtupu. Kumwagilia gunia hata kuku akipewa jagi anaweza. Siku saba nimekuwa nakuja na ndoo, nalowanisha magunia, nakaa, nakusema kwa kila kitu ulichonikosea tangu nilipozaliwa, naondoka.

Leo ni ya saba. Asubuhi nimeyatoa magunia. Nikagonga pembe zote, hakuna patupu. Halafu nikaanza kutafuta ufa, Baba. Nimelizunguka kaburi lako mara tatu, nimepiga magoti, nimeweka shavu kwenye saruji natazama kwa upande kama ulivyonionyesha, natafuta hata ufa mmoja mwembamba kama unywele, nivunje kipande, nianze upya, nihesabu siku nyingine saba.

Hakuna. Ulinifundisha vizuri mno.

Pumzika, Baba.

Mwanao,
Nyangeta