Hotuba Niliyoisikia Nikiwa Kwenye Usukani

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu wewe, shemeji, na watoto wote waliojaa humo ndani, wa kuzaa na wa kulea. Mguu unaendeleaje? Uvimbe umepungua, au bado unauweka juu ya kigoda kama malkia? Mimi nipo. Mgongo unauma kwa sababu ya kiti, macho yanauma kwa sababu ya jua, na kuna uchovu mwingine ambao hata sijui umekaa kiungo gani. Ila suti ya kazi imenikaa vizuri miaka hii yote kuliko inavyowakaa wale niliowaendesha, na hilo wenyewe wanalijua.

Usione nimechelewa kujibu ukadhani ni dharau. Nilitaka nijibu nikiwa na la kukwambia. Uliniandikia kwamba mwenyekiti wa mtaa amepita nyumba kwa nyumba na amri ya serikali: asiye raia asikae tena kwenye vyumba vya kupanga, na kabla mwezi haujaisha mabasi yatakuja kuwachukua wote wapelekwe kambini, kule mpakani. Ukaniomba, mimi ninayekaa karibu na wakubwa, nimsemee Mama Pacha, mpangaji wako mkimbizi, yule fundi cherehani wa chumba cha uani. Ukasema pacha wake wanakuita mama mkubwa, na kwamba tangu siku ile mwenyekiti alipopaza sauti, wakisikia mlango unagongwa wanaingia chini ya cherehani. Nilipofika hapo nikaikunja barua, nikaenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Unanijua, dada. Hamkuniita Balozi tangu utotoni bure. Ni mdomo huu. Nimewahi kuwaambia kwamba Waziri wa Mambo ya Nje hapigi chafya bila kuniomba ruhusa. Hiyo ni chumvi. Lakini kwamba nimemwendesha ni kweli, na huko nyuma ya gari nimesikia mambo ambayo mabalozi wenye vyeti hawajayasikia. Mimi niliyeishia darasa la saba, tena mengi yake nikiyatazama kupitia dirisha, nimefika mpaka kwenye miji mikuu ya watu. Nimeona zaidi maegesho yao, lakini nimefika.

Basi kabla Mheshimiwa hajaenda kwenye ule mkutano mkubwa wa mataifa, hotuba yake alikuwa akiifanyia mazoezi ndani ya gari. Kwenye foleni anasoma, kwenye taa nyekundu anasoma, mpaka nikaishika kichwani kama wimbo wa shule. Alisema nchi yetu ni ndogo kwenye ramani lakini haijawahi kumfungia mlango anayekimbia vita. Alisema utu ndio siasa yetu ya nje. Huko alikokwenda walimpigia makofi wamesimama. Redio ikayarudia maneno yale wiki nzima, na pale getini kwetu wizarani akaletwa mchora mabango kupaka upya yale maandishi ya UTU NA UDUGU, safari hii kwa rangi ya dhahabu. Aliniomba nisogeze gari, rangi isidondokee.

Nikabaki nayatazama. Ndiyo yale yale tuliyokuwa tukiyaimba kwenye gwaride la asubuhi huku wewe ukinifinya nisicheke. Nikamkumbuka mama. Wale waliovuka mpaka wakikimbia vita mwaka ule walipoletwa kwetu, mama hakuuliza siasa inasemaje. Alitandika magodoro chini, sote tukalala mzungu wa nne, mtu anaamka na kisigino cha mgeni puani. Nadhani Mheshimiwa alipoitafuta nchi ya kuisifia, aliikuta kwenye nyumba kama ile.

Kwa hiyo nikamsemea. Na ujue kwamba dereva wa wakubwa ana sheria yake: kile kioo cha ndani anakigeuzia juu, kitazame dari. Anaona barabara kwa vioo vya pembeni, na aliyekaa nyuma anabaki na uso wake mwenyewe. Siku niliyompokea uwanja wa ndege, Mheshimiwa akiwa amevua viatu na kuegemeza kichwa, nilikishusha. Miaka yote ile ilikuwa mara ya kwanza kuonana naye macho kwa macho tukiwa safarini. Nikamwomba radhi, nikamweleza habari zako, za Mama Pacha, na vile alivyokubeba mgongoni mpaka zahanati mguu wako ulipokataa kukanyaga.

Ningependa kukwambia ni mtu mbaya, hadithi ingenoga. Alinisikiliza. Akaniuliza pacha wana umri gani, wanasoma wapi. Halafu akafikicha macho akasema, taratibu tu: "Dereva, ile hotuba ni ya nje. Ndani watu wanataka vyumba, wanataka kazi, na wakivikosa wanataka kusikia kuna mtu amefukuzwa."

Akaongeza kwamba wale waliompigia makofi hawapigi kura hapa. Nikamwambia, Mheshimiwa, dada yangu anapiga. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyelala vizuri, akaniomba nirudishe kioo. Nikakirudisha.

Nimelifikiria neno lake siku hizi zote. Siwezi kusema hana hoja. Fundi magari jirani yangu amehamishwa chumba mara kwa mara kwa kupandishiwa kodi, naye analalamika hayo hayo. Lakini nikajiuliza, ukarimu tukiusafirisha wote nje kama korosho, sisi wa humu ndani tutakula nini?

Sasa, dada, kaa vizuri uegemee. Juzi mkuu wa karakana aliniita. Akaniapia kwamba si adhabu, ni upungufu wa madereva, kila wizara inaazima wake. Akanipa ufunguo wa basi, kisha akanitajia mitaa nitakayopita kukusanya watu. Wa kwetu umo. Akasema nina bahati, maana kule ni kwetu, sitapotea.

Nikajiona akilini nimeegesha mlangoni pako, napiga honi. Nikamwona Mama Pacha anatoka na cherehani kichwani, na pacha wananiamkia mjomba, kama ulivyowafundisha. Nikauweka ufunguo mezani. Mkuu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo. Akauliza wapi. Nikakosa pa kumwonyesha. Basi akasema anayeacha ufunguo anaacha na suti, nami nikaivua, nikaikunja vizuri, nikarudi nyumbani na fulana na suruali ya kuazima kwa mlinzi, fupi mpaka kwenye vigimbi.

Sijajidanganya. Basi litakuja, na dereva mwingine. Lakini mimi nitafika kabla yake, nami nitakaa kwenye kizingiti cha chumba cha uani. Wanaomtaka Mama Pacha wataanzia kwangu, na unajua mimi nikianza kuongea hata mafuta ya gari huisha. Wakimchukua hata hivyo, pacha watakuwa wameona kuna mtu wa nchi hii aliyekaa upande wao wa mlango. Nitandikie chini pamoja na wanao. Visigino vyangu ni vile vile.

Nina ombi moja. Usimwambie Mama Pacha kwa nini nimeacha kazi. Sema nipo likizo. Akijua atajiona mzigo, atafunga virago mwenyewe hata kabla ya basi. Katika maisha yangu nimejisifia mengi ambayo sikuyafanya. Hili, dada, naomba lipite kimya.

Msalimie shemeji, na pacha waambie mjomba anakuja, ila safari hii kwa miguu kutoka stendi. Uuguze huo mguu.

Mdogo wako,
Balozi