Siku Masalu Alipoingia Bustanini

Dutwa,
Jumapili, 14 Julai 2024

Kaka yangu mpendwa Novatus,

Mwangaluka, kaka. Natumaini ulifika Mpanda salama baada ya msiba, na kwamba wifi na watoto hawajambo. Mguu wako uliokuwa ukivimba umepungua? Ng'ombe wanapata maji? Sisi huku tu wazima wa mwili. Pamba tumemaliza kuchuma, ila mahindi yalikauka kabla ya kubeba vizuri. Watoto wa marehemu mdogo wetu ninao hapa nyumbani. Winnie anaenda shule kama kawaida. Kristofa anakula vizuri, lakini mlango ukigongwa anaingia chini ya meza, na kumtoa huko ni kazi.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungenikatisha. Ukikasirika hukatisha, nakujua tangu utoto wetu. Barua hii nimempa Dastan anayesafiri kuja huko, na nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujamwambia mtu yeyote neno.

Siku ile ya matanga ulisimama mbele ya ukoo ukasema kuwa Milembe ni muuaji wa mumewe, kwamba watoto wataondolewa kwake hata kama mahakama itamwachia, na kwamba jina lake lisitajwe tena katika mji wetu. Wazee waliitikia. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, nikanyamaza. Wewe umeishi mbali miaka mingi, kaka, na Masalu unayemlilia ni yule uliyemwacha akichunga ndama. Ngoja nikueleze aliyebaki huku.

Unaifahamu bustani ya jumuiya yetu, ile iliyo karibu na kisima cha mama Nyanjige, mwenyekiti wetu. Yule mama alitupa eneo lile bure. Tuko wanawake saba. Tunapanda mchicha, chainizi, nyanya na vitunguu, na tuta moja hatuuzi kabisa, mboga zake ni za wagonjwa na za wazazi waliojifungua. Mwaka jana malaria iliponilaza wiki mbili, Milembe alikuwa akimwagilia matuta yangu kabla ya kugusa ya kwake, kisha ananiachia fungu la mchicha mlangoni na kuondoka bila kubisha hodi, asije akaniamsha. Huyo ndiye wifi yangu.

Masalu alianza kumpiga baada ya ng'ombe wake kufa kwa ukame. Walikufa kumi na wanne katika mwezi mmoja, na aliyebaki wa kupigwa fimbo akawa mke. Jumatano ya Majivu Milembe alikuja kanisani amejifunika khanga mpaka kwenye nyusi. Alipoisogeza nyuma ili apakwe majivu, sote tuliokuwa kwenye mstari tuliona. Nywele zilikuwa zimeng'olewa sehemu ya ukubwa wa kiganja, na ngozi ilikuwa bado mbichi. Mama Nyanjige alimchukua baada ya misa, akamwosha kwa maji ya chumvi, na tangu hapo wanawake wa jumuiya wakawa wanapita kwake kwa zamu, mmoja na kuni, mwingine na uji, ili Masalu aone kuwa kuna macho.

Mwezi wa nne Milembe alinikimbilia mimi. Alisimama mlangoni na meno yake mawili mkononi, kaka, ameyafumbata kama mtu aliyetumwa kuyaleta. Nilimwosha, nikampa uji, nikamlaza. Kesho yake nikamrudisha. Nilimwambia Masalu ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni, hawezi kunikatalia. Tulipofika alinitolea kiti, akalia mbele yangu, akaapa. Nikaondoka nimeridhika. Wiki hiyo hiyo aliweka panga kwenye makaa na kumchoma nalo mapajani, huku Winnie akiangalia.

Mama Nyanjige akamchukua Milembe na watoto kwake. Masalu akasema wanawake wa kanisa wamemwibia mke. Mwezi wa tano alikuja bustanini na maksai sita aliowaazima, akawaingiza kwenye matuta. Mama Nyanjige alisimama mbele yao na kijiti mkononi, mwanamke wa miaka sitini na nne. Masalu alimchapa kwa fimbo ya ng'ombe kichwani na mgongoni, na yule mama alipoinua mkono kujikinga tulisikia mfupa ukikatika. Maksai walikanyaga kila kitu. Felisita, mwenzetu aliyekuwa na mimba ya miezi minane, alirushwa kwenye uzio wa minyaa.

Wenzangu walitaka kwenda polisi siku hiyo hiyo. Niliyewazuia ni mimi. Nilipiga magoti kwenye udongo ule uliovurugwa, nikawaomba wasimfunge mdogo wangu. Mama Nyanjige, mkono wake ukining'inia, akasema: "Haya, Jenifer. Kwa ajili yako." Wote wakaacha kwenda. Walinifanyia wema, na wema ule ndio uliompa Masalu njia ya kurudi.

Tulipanda upya. Kila mmoja alileta mbegu alizokuwa nazo nyumbani.

Alhamisi tarehe ishirini mwezi wa sita, kama saa tano asubuhi, tulikuwa watatu tu bustanini. Wenzetu walikuwa wamempelekea Felisita mboga, maana alikuwa amejifungua. Mama Nyanjige alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono kwenye plasta, akituelekeza. Milembe alikuwa ameinama akihamisha miche ya vitunguu. Mimi nilikuwa nachimba mfereji wa maji.

Masalu alitokea upande wa kisima. Hakuwa amelewa, kaka. Ningependa kukuambia alikuwa amelewa. Alitembea taratibu, panga likiwa limelala ubavuni mwake, na alipomfikia Milembe alisema, "Leo namaliza." Pigo la kwanza liliingia begani, nyama ikafunguka mpaka mfupa ukaonekana mweupe. Milembe alipojigeuza na kuinua mkono wa pili, panga likapita kwenye vidole, viwili vikaanguka kwenye miche. Mama Nyanjige alijitupa miguuni mwa Masalu akamng'ang'ania kwa mkono wake mmoja mzima. Masalu alimpiga teke la mdomo, akampiga la pili, yule mama akamwachia. Milembe alikuwa akitambaa kurudi nyuma akisema jina la Kristofa. Masalu akainua panga tena.

Uliyoambiwa msibani ni kwamba Milembe alinyakua jembe akampiga mumewe nalo kichwani. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe mbele ya polisi, na mama Nyanjige akaunga mkono. Lakini jiulize, kaka. Mtu aliyekatwa bega moja, na mkono wa pili hauna vidole, angeinua jembe kwa mkono upi? Katika watu wote waliojaa pale msibani, hakuna hata mmoja aliyeuliza swali hilo.

Jembe nilikuwa nalo mimi.

Nilimpiga kwa upande wa nyuma wa jembe, kati ya shingo na bega. Panga likamtoka likarukia mbali, akaanguka kwa magoti kwenye mfereji niliokuwa nachimba. Kama ningeishia hapo, ningeweza kukutazama usoni. Milembe alikuwa ameshafika kwenye uzio. Masalu hakuwa na kitu mkononi, na mkono wake mmoja ulikuwa hauinuki. Aligeuza kichwa akaniona ni mimi, akaita, "Dada." Akainua ule mkono mzima kunielekea, kama mtu anayeomba kushikwa ili asimame.

Nikampiga tena. Safari hii ilikuwa kichwani, na kwa ncha.

Siwezi kukuambia shetani alinipitia. Nilikuwa na akili zangu. Niliona yale meno mawili kwenye kiganja cha Milembe, nikaona jinsi nilivyomshika mkono na kumrudisha kwa mtu huyu, na nikaona kuwa akisimama ataniomba tena nimwombee, na mimi nitapiga magoti tena. Nilijua hamtishii mtu kwa wakati ule. Nilijua, nikapiga.

Watu walipokuja nilikuwa nimekaa chini. Milembe ndiye aliyesema, "Ni mimi." Walipokuwa wakimpakia kwenye gari alinivuta khanga, akaniambia yeye ameshakatwa, kwa hiyo wataona alijitetea, na kwamba mimi nibaki na watoto wake. Wenzetu waliporudi mama Nyanjige aliwaeleza yote, wakakubaliana kuficha. Tangu siku hiyo hawajaacha kuja. Huyu analeta unga, yule ananitekea maji, mwingine amenipalilia matuta. Hakuna anayeniuliza neno. Kila wanacholeta nakimeza kama mwiba wa samaki.

Milembe yuko mahabusu. Felisita alikwenda kumwona akarudi analia, anasema mkono umeoza, unatoa usaha, na homa haishuki. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama Kristofa ameacha kujificha.

Kesho asubuhi nakwenda kituoni Bariadi. Mama Nyanjige ananisindikiza, naye atabadilisha maelezo yake, ingawa anajua wanaweza kumshtaki kwa kusema uongo. Nitayasema mapigo yote mawili. Wenzangu wameniomba nilitaje la kwanza tu, maana kwa hilo ningeweza kurudi nyumbani. Nimewakatalia.

Sikuombi wakili wala msamaha, kaka. Ninalokuomba ni moja. Ulimhukumu Milembe mbele ya ukoo kwa sauti kubwa, basi rudi mbele ya ukoo huo huo, kwa sauti hiyo hiyo, useme kuwa hana damu ya mtu mikononi, na kwamba watoto ni wake. Mpaka atakapotoka watakaa kwa mama Nyanjige. Usiruhusu mtu awachukue. Ukinichukia nitakuelewa, na sitakuja kukulaumu. Masalu alikuwa wako kama alivyokuwa wangu. Ila usidanganywe kwamba alikufa akiwa ameshika panga. Alikufa akiniita mimi, na nilimsikia.

Nisalimie wifi, mwambie vitenge alivyoniachia nimempa Winnie. Wasalimie watoto wote kwa majina yao, na majirani zako waliotuma rambirambi. Mungu akupe afya ya mguu, na akujalie mvua mapema kuliko sisi.

Ni mimi mdogo wako,
Jenifer Ndaki