Kisigino Kwenye Mafuta

Jumatatu, 2 Septemba

Leo nimeitwa ofisini kama mwizi wa kuku. Mganga mkuu hakunitazama usoni, alisoma barua tu. Imetoka kwa yule mama wa nyonga iliyovunjika niliyemteremsha mwezi uliopita mpaka hospitali kubwa ya bondeni. Anasema dereva anashusha gia kama anapasua kuni. Kila kona alidhani roho inamtoka. Na kona zile ni kumi na nne!

Miaka kumi na tisa naendesha gari la wagonjwa. Watoto wawili wamezaliwa nyuma ya kiti changu. Barua ya shukrani — hata moja. Hii ya kuni ndiyo imefika.

Basi, mafunzo. Madereva wote watatu. Na mkufunzi aliyeletwa ni nani? Shemeji yangu! Mdogo wake mume wangu, niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika usukani, akagonga pipa la takataka mara mbili kwa siku moja. Leo ana daftari na kalamu mbili mfukoni. Atakayeshindwa mtihani anahamia kufua mashuka. Katamka hivyo mbele ya wote, bila kupepesa.

Nje akaniambia, shemeji usininunie, kazi ni kazi. Nikamjibu sijanuna, ndivyo uso wangu ulivyo.

Mola anisamehe. Nimenuna.

Jumanne, 3 Septemba

Niandike alivyofundisha, nisisahau.

Gari letu ni zee. Kwenye mteremko ule ukitegemea breki peke yake zinapata moto, zinateleza kama sabuni. Lazima ushushe gia, injini ikusaidie kushikilia gari. Lakini ukiiachia klachi wakati injini inazunguka polepole kuliko magurudumu, gari linaruka. Hapo ndipo mgonjwa anapolia. Kwa hiyo: mguu wa kushoto klachi. Mguu wa kulia — ncha kwenye breki, kisigino kwenye mafuta. Vyote kwa pamoja! Unapunguza mwendo, na katikati unagusa mafuta kidogo, vum, gia inaingia kama kisu kwenye siagi.

Yeye akifanya ni siagi. Mimi nikifanya ni mawe. Mara gari likaruka, mara injini ikapiga kelele mpaka wauguzi wakachungulia madirishani. "Shemeji, hilo ni gari, si jembe!" Kalisema kwa sauti, wenzangu wakacheka. Mzee Honi, dereva mkubwa kwetu sote, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Zamu yake ilipofika hakufanya vizuri kunizidi. Ila yeye hakuna aliyemtajia jembe.

Kuna jambo sikuwaambia. Shemeji alikuwa akisema, sikilizia kisigino, sikilizia kisigino. Nikakisikilizia. Kimya.

Nikadhani ni kiatu.

Ijumaa, 6 Septemba

Mume wangu ana huruma, tatizo ni kwamba huruma yake ina mikono. Kaniona napiga mguu hewani huku nakuna nazi, akasema njoo. Akanikalisha kwenye cherehani yake ya umeme, ile yenye pedali. "Hii ndiyo mafuta yako," akasema. Akaweka tofali kando, likawa breki. Yeye akawa injini. Mtu mzima, fundi wa kushona suti, anavuma vuuu kama nyuki! Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Siku nyingi hatujacheka hivyo.

Nikagusa pedali. Sindano ikakimbia.

"Haya, toa mguu."

"Nimetoa."

"Toa mguu, mama!"

"Si nimeshatoa!"

Sindano bado inakimbia. Ilipanda juu ya mkono wa koti la mteja, ikashona ukunjo usiofunguka. Nikatazama chini. Kisigino changu kilikuwa palepale juu ya pedali, kimetulia kama paka juani. Mimi nilikuwa nimekwisha kukitoa. Kichwani.

Mume wangu alichomoa waya ukutani. Hakunigombeza. Akauliza, tangu lini? Nikamwambia nimechoka, basi. Akakaa afumue uzi, mmoja mmoja, hakunitazama tena.

Jumapili, 8 Septemba

Alfajiri nimetia udhu. Maji nilichanganya na ya moto kwa sababu ya baridi. Mguu wa kulia nikaumiminia, nikasugua mpaka kwenye kifundo, sawa. Wa kushoto — nikaruka! Maji yalikuwa ya kuunguza. Nikautazama wa kulia. Mwekundu, na haukusema neno.

Mara tano kwa siku naiosha miguu hii. Miaka yote. Na sikuwa nimeiona.

Sukari niliambiwa ninayo mwaka juzi. Kliniki yake ni siku ya zamu yangu, na ukikaa kwenye lile benchi hospitali nzima inakuona. Nikaenda mara tatu, nikaacha. Muuguzi wa pale alinionya: mama, utunze miguu. Nikamjibu miguu yangu ndiyo inayowaleta wagonjwa wako hapa! Tukacheka. Mdomo wangu huu.

Wakijua, usukani ndio basi. Nilipoajiriwa walisema mwanamke hataweza mteremko ule. Waliosema hivyo bado wako, wengine wamepanda vyeo. Wangefurahi kweli. Wangenipa pole huku wamefurahi.

Ya Rabbi, uliyeunyamazisha mguu ni wewe. Kwa nini huu wa kulia?

Alhamisi, 12 Septemba

Nimepata!

Si kwa mguu. Kwa sikio. Injini ina sauti mbili, ya gia ya tatu na ya pili, na kati yake kuna sehemu moja tu ambapo zinakutana. Nikiusogeza mguu kwa paja na goti — hivyo navisikia bado, alhamdulillahi — kisha nikasikiliza mpaka sauti ipande pale, naachia klachi. Vum. Siagi!

Nilifanya mara sita. Shemeji akafunga daftari. Akasema, shemeji, nani kakufundisha usiku wa kuamkia leo, maana si mimi. Akataka nirudie. Nikarudia. Akasema mwaka mzima chuoni hakuona mtu anayeiweka sauti pale kila mara bila kukosea.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilifurahi kama mtoto. Halafu njiani kurudi nyumbani furaha ikageuka uchungu mdomoni. Mwenye miguu miwili mizima hana haja ya kusikiliza hivyo.

Jumatatu, 16 Septemba

Kesho mtihani. Mzee Honi kaja kukaa nami kwenye ngazi za stoo, akavua viatu, akanionyesha vidole vyake anavyoweza kuvikunja kimoja kimoja. Akasema, vyote vinafanya kazi ila havielewani. Anaogopa. Ana miaka minne tu astaafu. Akaniomba nimwambie siri yangu.

Nikamwambia sikiliza injini.

Akasema masikio yake yamekufa kwa honi.

Nilitaka kumwambia yangu pia. Neno lilifika kwenye meno. Nikalimeza.

Jumanne, 17 Septemba

Beseni la maji juu ya machela, limejaa mpaka ukingoni. Shemeji amekaa nyuma analitazama. Unateremka kona zote kumi na nne. Kinachomwagika kinapimwa kwa kikombe.

Mimi: nusu kikombe.

Dereva wa tatu: vikombe viwili. Kapita kwa shida.

Mzee Honi alirudi na beseni nusu, na shemeji suruali imelowa mpaka magotini. Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka. Alikabidhi funguo mwenyewe kabla hajaambiwa, akazifuta kwa leso kwanza.

Mtu mwenye miguu mizima kaenda kufua mashuka. Mimi nimepigiwa makofi. Mganga mkuu leo kanitazama usoni! Amesema niwafundishe madereva wa vituo vingine, nitapewa cheti.

Nimeswali rakaa mbili za shukrani. Nilipokaa nikasita. Shukrani ya nini hasa? Nikatoa salamu, nikakunja mswala.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimemteremsha mzazi anayetoka damu. Yule muuguzi wa kliniki ya sukari ndiye aliyekuwa nyuma naye, kamshika mkono.

Kona ya kwanza mpaka ya nane, hariri. Kona ya tisa lori lilikuwa linapanda, linanguruma. Kelele yake ikafunika injini yangu. Sikusikia kitu. Nikauliza mguu — uko wapi? Gari likawa linakwenda badala ya kushika! Ikabidi nitazame chini. Kwenye kona ile, na watu wawili nyuma, nikayaondoa macho yangu barabarani nikaenda kutafuta kisigino changu kama mtu anayetafuta sarafu. Kilikuwa kimelala juu ya mafuta. Nikaunyanyua mguu mzima kwa paja, nikakanyaga breki. Nilipoinua macho, ukingo ulikuwa hapo. Ningeweza kuyahesabu majani yake.

Tulifika. Mama yule kaingizwa ndani, yuko hai. Muuguzi kanishika bega, kasema, mama wewe ni baraka, hata hatukujua kama tuko mteremkoni.

Nimekwenda kutapika nyuma ya jengo.

Jumamosi, 21 Septemba

Shemeji amekuja na fomu ya cheti. Ana haraka, mganga mkuu anaisubiri leo hii. Yuko sebuleni na mume wangu, wanakunywa chai niliyowapelekea sasa hivi. Nawasikia kupitia pazia. Anamsimulia kaka yake habari za beseni kwa mara ya tatu, na kila mara maji yanapungua. Sasa nimemwaga kijiko kimoja! "Kaka, mkeo angezaliwa Ulaya angeshindana na magari ya mbio." Mume wangu anasema mm. Mm tu. Tangu siku ya koti lile hasemi zaidi.

Fomu ina ukurasa mmoja. Jina. Miaka ya kazi. Chini kabisa: Je, una maradhi yoyote yanayodhoofisha macho, masikio, mikono au miguu? Ndiyo. Hapana. Visanduku viwili vidogo.

Asubuhi nilipovua soksi nimeona lengelenge kubwa chini ya kisigino, kama yai limepasuliwa pale. Sakafu ya gari hupata moto ukikaa nalo sana. Sikulisikia likiota. Nililitazama kama jeraha la mtu mwingine. Nikalifunga kitambaa.

Nimekaa kitandani na fomu hii kitambo. Nimewaza mama wa juzi. Nimewaza ukingo. Nimewaza Mzee Honi na mapovu ya sabuni. Halafu nimewaza Jumatatu, madereva wengine wakitoka na funguo mkononi, mimi natoka na ndoo. Miaka kumi na tisa.

"Shemeji! Umelala na fomu yetu?"

Nimemwambia nakuja.

Nimeweka tiki. Hapana. Kila kitu nakianza kwa bismillahi, hata kuwasha jiko. Hiki sikuweza.

Shemeji amekatisha hadithi yake. Anauliza, kaka, nani kajikata? Mume wangu anasema wapi. Shemeji anasema hapa, kuanzia kwenye meza ya chai, si unaona — hapa, na hapa.

Nimetazama chini. Kitambaa hakipo mguuni. Kutoka mlangoni mpaka hapa nilipokaa kuna alama nyekundu, moja kila hatua mbili, zote za mguu wa kulia.

Kiti kimevutwa. Fomu iko mapajani, wino haujakauka, na nasikia viatu vya mume wangu vikizifuata, polepole, moja baada ya —