Jicho la Mumeo

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje baada ya mvua hizi? Huku Mwamkulu hatujambo, mahindi yamebeba na ng'ombe wanashiba. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ulinikatia nilipotaja daktari. Dada Kabula akusomee polepole mpaka mwisho.

Najua ulisema, "Hilo kengeza ni la mume wangu, msiliguse." Na kweli jicho la mjukuu wako lilipoanza kupinda tulifurahi. Tulimpa jina la marehemu baba, Masanja, na sasa jicho la baba nalo limekuja! Lakini mama yake akaona mtoto anajikwaa kila mara, tukampeleka kwa daktari wa macho mjini Mpanda.

Mimi nilidhani kengeza ni kengeza tu. Daktari, mama mmoja mcheshi, alimmulika tochi akatazama mng'ao umekaa wapi kwenye kila jicho. Alisema wapo watoto ambao macho yamenyooka, ila pua pana inatudanganya. Wengine msuli umelegea, wengine jicho linakimbilia nje. La Masanja linapinda kuelekea puani. Kisha akaliziba la kushoto kwa kiganja. Mtoto akatulia, anachezea kifungo cha koti la daktari. Akaziba la kulia. Mayu, mtoto alipiga kelele, akausukuma ule mkono kwa nguvu zote.

"Baba Masanja, umeona?" akaniuliza. "Hilo la kushoto halioni vizuri, limeanza kulala. Tukichelewa, haliamki tena."

Hapo nikamkumbuka baba. Ulikuwa unatembea kushoto kwake siku zote, hata mnadani, na sisi watoto tukicheka kwamba mnapendana mno. Kumbe upande ule alikuwa haoni, na wewe hukumwambia mtu. Niliona uchungu.

Walimtia matone ya dawa machoni, wakampima, wakasema jicho linapinda kwa sababu linajikaza ili lione, miwani italinyoosha. Nisamehe mayu, nilikubali bila kukuuliza. Na kila siku tunamziba la kulia kwa muda, ili la kushoto nalo lifanye kazi. Analia, tunambembeleza. Alipovaa miwani mara ya kwanza jicho lilikaa katikati, na mimi nikaona kama baba amefariki tena. Nililia mbele ya watu na ndevu zangu hizi.

Lakini jioni mama yake alimvua miwani amwogeshe. Akakazia macho kipande cha sabuni, na jicho likarudi puani palepale. Daktari anasema aina hiyo ndivyo ilivyo. Basi ukija baada ya mavuno, mvue miwani, msalimiane. Halafu mvishe, umwache atembee peke yake.

Msalimie mjomba Ndaki anayekuchungia mbuzi, na mwambie Kabula afute machozi, barua isilowe.

Wako,
Jilala, mkweo mama Masanja, na mumeo mwenye miwani.