Milio Mizito Kwenye Masikio ya Chacha

…na hapo ndipo ninapokataa. Eti ubongo wa mtu ufuate mlio kama ndama anavyomfuata mama yake? Leo Jumapili, mvua inanyesha Nyangoto tangu alfajiri, mashimo ya dhahabu yamejaa maji, na mimi nina mume wangu nyumbani mchana kutwa. Miezi miwili ya ndoa, na bado moyo unaruka nikimwona Chacha akivua buti mlangoni.

Ila mambo yake ya sauti siyaamini.

Fundi simu wa sokoni ndiye aliyemwekea nyimbo hizo kwenye simu. Chini ya kila wimbo kuna mlio mzito: sikio la kulia mlio mmoja, la kushoto mwingine unaopishana nao kidogo. Fundi anasema ubongo unaifuata ile tofauti, unatulia, na muziki unaingia hadi kwenye mifupa. Nimesoma fizikia hadi kidato cha nne. Hayo hatukufundishwa.

Nakiri, nilianza kwa wivu. Tulizoea kugawana hedifoni, sikio moja lake, moja langu, vichwa vimegusana. Sasa lazima avae zote mbili, la sivyo hazifanyi kazi.

Leo alipokuwa anakula nikazivaa. Nilizitoa haraka, zimeniumiza. Sauti ilikuwa imepandishwa hadi mwisho.

“Mbona hiyo sauti iko chini,” akasema, mdomo umejaa ugali.

Nikamuuliza wimbo unasemaje. Akatabasamu. “Maneno siyapati vizuri. Ule mlio ndio nausikia, hadi kifuani.”

Nilikaa chini.

Kabla ya kuanza kushuka shimoni, Chacha alifanya kazi miaka minne kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe. Na huko shimoni, kabla ya kuchimba, wanagonga mwamba kwa nyundo. Ulioshika hulia kwa sauti kali, nyembamba. Uliolegea hujibu kwa sauti nzito, fupi, na hapo watu wanatoka mbio.

“Wewe unajuaje umeshika?” nikamuuliza.

“Nagonga, halafu namwangalia Marwa. Akichimba, na mimi nachimba.”

Marwa, mwenzake wa shimoni, hajui kwamba anasikiliza kwa niaba ya watu wawili. Na siku akiugua?

Labda milio ya fundi haina kosa. Labda karasha ilishachukua sauti nyingine zote, na Chacha anaipenda hii kwa kuwa ndiyo iliyobaki. Anaposema nina sauti tamu, anasikia nini?

Tumebishana.

“Unataka wenzangu waniite kiziwi?”

“Wakikuita kiziwi nitakuitikia mimi. Wakikuita marehemu nitaitikia nini, baba?”

Akasukuma sahani kando. Kisha akakubali: atabaki juu, avute kamba, hadi daktari amwangalie.

Mama, najua dada huwa anakusomea ninayoandika hapa mtandaoni. Tutampeleka akapimwe Mugumu, halafu tupite kwako Morotonga. Akikupa shikamoo, itikia ukimtazama usoni, aione midomo yako. Tunakuja kabla mwezi huu haujaisha.