Daftari la Moshi

Jumatatu, 7 Julai 2025
Kisanduku cha kupima vumbi la hewani: asubuhi 9, jioni 14. Kaka Tahiri, mtafiti, alikifunga hapa kwetu Mtunda maana tuko mbali na magari. Anataka kujua hewa ikoje pasipo moshi wa mtu, ndipo ailinganishe na ya Kibiti mjini. Mimi najaza daftari lake, kwa Kiingereza; hili la Kiswahili ni langu mwenyewe. Kazi naipenda — haina kuongea na watu.

Muzdalifa, binti wa mjomba: "Msomi, leo hewa imekwambiaje?" Simpendi. Nimeandika, basi.

Jumatano, 9 Julai
118! Mjomba Shaban kawasha tanuri la mkaa. Kaka Tahiri alisema moshi wa karibu ukiingia niandike unatoka wapi, siku hiyo ataitoa kwenye hesabu. Nikaandika yote: tanuri, upande wa kusini, mjomba Shaban. Hata jina. Nilitaka aone niko makini.

Ijumaa, 11 Julai
Kaka Tahiri kapiga picha kurasa zote. Kanisifu. Nimefurahi mpaka aibu.

Jumatatu, 14 Julai
Gari la maliasili. Moja kwa moja hadi tanurini. Magunia yote wamebeba. Mjomba kaambiwa kesho aripoti Kibiti.

Kisimani nilikuta wanawake. Mmoja akasema, "Punguzeni sauti, redio imefika." Wakacheka.

Labda moshi waliuona wenyewe. Labda.

Jumanne, 15 Julai
Mjomba karudi adhuhuri. Hakusalimia mtu. Kaweka daftari la Kaka Tahiri mkekani. "Tasnim, nisomee. Kwa Kiswahili."

Nikasoma. Tisa. Kumi na nne. Jumatano nikasema: moshi, haijulikani wa nani. Nimemdanganya mtu aliyenilea tangu mama afe. Niliandika ili siku ile ifutwe, sio ili waje! Ningesema hivyo tu.

Mjomba kavuta daftari, kidole kikatembea polepole, kikasimama. "Kiingereza sikijui. Hapa pana Shaban."

Nikasema nafuata miwani. Sasa niko chumbani, miwani ninayo usoni. Huko nje anamwita Muzdalifa, naye Kiingereza anakijua, aje asome yeye. Ndara zake nazisikia, zinakuja. Leo hacheki.